Pickup ya zamani inatetemeka kwenye sailensa? Usikubali pampu ishushwe kwanza

Mtu akisema pickup yake inatetemeka bado hajasema kitu. Inatetemeka ikiwa imesimama inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, yaani sailensa, au ikitembea? Asubuhi tu ikiwa ya baridi au hata ikishapata moto? Unaocheza ni usukani, ni kiti, au ni kioo cha ndani mpaka hujui nyuma yako kuna bodaboda au basi? Ukikanyaga klachi inapungua? Ukiwasha AC inazidi? Naandika hii kwa sababu Hilux yangu ilinisumbua sana na hilo tatizo na kila gereji niliyopita jibu lilikuwa lilelile, "kaka hii pampu, tuishushe tukaiseti", na hiyo pampu ya dizeli ilikuwa haina shida yoyote.

Gari yenyewe ni ile Hilux ya kizamani, gia za mkono, injini ya 3L, dizeli, silinda nne, cc 2779, haina tabo wala kompyuta. Nipo Morogoro, kazi yake kubwa ni kwenda Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu na kurudi. Kwa hiyo ninayosema hapa yanakaa vizuri zaidi kwa ndugu zake, 2L na 5L, maana ni ukoo mmoja, ila mantiki inaenda kwa pickup yoyote ya dizeli ya zamani yenye pampu ya kuzunguka. Wa petroli nitawagusa huko chini kidogo.

Sasa kabla hujashika spana kaa tu uisikilize. Injini ya silinda nne inalipua mara mbili kwa kila mzunguko. Sailensa ikiwa kama rpm 750 hivi, yaani mizunguko 750 kwa dakika (hizi injini zinatakiwa ziwe kati ya mia saba na mia nane) unapata mizunguko 12 na nusu kwa sekunde, yaani milipuko 25 kila sekunde. Mtetemo wa kasi hiyo hauwezi kuuhesabu, unausikia kama mvumo, plastiki za dashibodi zinalia, kiti kinawasha mgongo, mlango unaimba. Silinda moja ikimisi mambo yanabadilika, maana hiyo silinda inakosa zamu yake mara moja kila mizunguko miwili, kama mara sita kwa sekunde, na huo mwili unauona kabisa: injini inayumba upande kwa upande, fungua boneti utaiona inachezesha kichwa, na ukiweka kiganja nyuma ya ekzosi pumzi inakuja pu pu pu halafu inaruka. Hapo tu ushagawanya kazi. Mvumo mwembamba uliosambaa gari nzima maana yake mara nyingi injini iko sawa ila mtetemo wake unapita kwenda kwenye bodi, angalia mauntingi (mipira inayobeba injini) au kitu kinachogusa. Kuyumba kwa polepole maana yake silinda hazifanyi kazi sawa.

Yangu ilikuwa na vyote viwili kwa pamoja ndo maana mafundi walikuwa wanachanganyikiwa, unarekebisha hiki kile kinabaki, mtu anaona hajafanya kitu anarudia palepale.

Na kuna ile dawa ya kupandisha sailensa. Fundi anaikaza skrubu ya sailensa kwenye pampu mpaka injini inakuwa kwenye elfu moja na kitu, mtetemo unapotea kweli, unalipa unaondoka umefurahi. Ugonjwa uko palepale, umeufunika tu, na sasa gari inakunywa zaidi ikiwa imesimama na gia ya kwanza inaingia kwa kugonga. Nilinunua kile kipimo cha rpm cha mwanga, kile unabandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya chini halafu unakimulika, kwa sababu dashibodi yangu haina saa ya rpm, na nikaanza kwa kuirudisha sailensa kwenye 750 ili ugonjwa uonekane wazi. Inaudhi lakini ndo njia, huwezi kutafuta kitu ulichokificha.

Kipimo cha pili hakina gharama, spana ya 17 tu na kitambaa. Injini ikiwa inaunguruma sailensa, unalegeza nati ya paipu ya dizeli pale inapoingia kwenye nozo (kile kinachopulizia dizeli ndani ya silinda), silinda ya kwanza, robo mzunguko tu mpaka dizeli ianze kuvuja, unasikiliza, unakaza, unaenda ya pili. Silinda nzima ukiilegeza injini inashuka na kuyumba papo hapo. Ukilegeza moja na injini haijali, wala haibadiliki sauti, ndo hiyohiyo ilikuwa imelala. Jamani hapa muwe makini, dizeli inayotoka kwenye paipu za pampu ina presha ya kupenya ngozi, sio utani, ikikuingia kidoleni unakimbizwa hospitali hata kama kidonda kinaonekana cha sindano, kwa hiyo funika nati na kitambaa, vaa miwani, usiweke mkono mbele, legeza kidogo tu, na uwe mbali na ekzosi ya moto. Na usifanye hivi kwenye gari za kisasa za komoni reli, zile dizeli za kompyuta, hata siku moja, kule presha ni ya kuua.

Kama unaogopa kulegeza nati kuna njia ya joto. Washa gari ikiwa ya baridi kabisa, iache sailensa dakika chache, halafu pima joto kwenye kila tawi la ekzosi pale linapotoka kwenye silinda hedi. Silinda iliyolala tawi lake linabaki la baridi kuliko mengine. Kipima joto cha kulenga kwa mwanga kinafaa, ila sio kile cha korona walichokuwa wanatuelekezea kwenye paji la uso, kile kinaishia nyuzi arobaini na kitu, hapa unahitaji cha kupima chuma. Ukikosa hicho matone ya maji yatakuonyesha, tawi la moto linakausha haraka, la silinda iliyolala maji yanakaa.

Kwangu ilikuwa silinda ya tatu. Legeza ya kwanza, injini inakaribia kuzima. Ya pili vilevile. Ya tatu, kimya, kama hujagusa. Fundi aliyekuwa na mimi akasema "si unaona bosi, pampu haipeleki dizeli". Nikamwambia fundi, mbona dizeli imetoka pale ulipolegeza? Pampu inapeleka. Swali ni kinachotokea baada ya hapo.

Sasa hapa ndo sehemu ninayoipenda, kubadilishana. Unatoa nozo ya silinda ya tatu unaipeleka ya pili, ya pili unaileta ya tatu, washa, rudia kile kipimo cha kulegeza nati. Ugonjwa ukihama na nozo, basi nozo ndo mgonjwa. Ugonjwa ukibaki palepale silinda ya tatu, nozo haina kosa, unakwenda kwenye kompresheni, valvu, au mwishoni kabisa ndo hiyo pampu. Kazi ya muda mfupi tu na inaondoa ubishi wote. Wengi hawataki kwa sababu washa za chini ya nozo hazitakiwi kurudishwa zilizotumika, inabidi ununue mpya, na zile za bomba la ritani (linalorudisha dizeli ya ziada) juu ya nozo pia. Nunua tu. Washa iliyokwisha inavujisha kompresheni pembeni ya nozo, unasikia chiki chiki chiki, na pale juu inavujisha dizeli au inaingiza upepo, unajikuta umejitengenezea tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Yangu ilihama. Nikazipeleka zote nne kwa jamaa mwenye mashine ya kupimia nozo, ile unapampu kwa mkono kuna saa ya presha. Pale unaangalia vitu vitatu, inafungua kwenye presha gani, inapiga ukungu au inakojoa, na ukishikilia presha chini kidogo ya ile ya kufungua inabaki kavu au inadondosha tone. Hii ya kwangu ilikuwa inakojoa mstari mmoja na kudondosha. Dizeli inayodondoka haiungui vizuri, ndo ule moshi mweupe unaochoma macho asubuhi, na ndo kugonga kule watu wanasema injini imekufa beringi. Nozo nyingine tatu zilikuwa zimechoka kidogo ila zinapiga ukungu, nikabadili ncha zote nne na kuomba presha zilingane, kwa sababu hata nozo nzima zikipishana presha ya kufungua injini haitulii kwenye sailensa. Kulingana ni muhimu kuliko namba yenyewe. Nikikumbuka wale waliotaka kushusha pampu nacheka, bei ya kuiseti pampu ingenunua hizo ncha na mabaki nikaweka dizeli ya kwenda Ruaha na kurudi.

Kwa nini sitaki pampu ishushwe hovyo? Sio kwamba pampu haziharibiki. Zinaharibika, hasa hizi zinazojilainisha na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, hakuna oili nyingine, kwa hiyo ukiwekewa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa vyuma vinasagana vikavu. Wakubwa mnakumbuka huo mchezo ulivyokuwa mkubwa mpaka EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wakaanza kuweka kinasaba (alama ya kutambua yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta 2010 na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei ikaribiane na ya dizeli, faida ya kuchakachua ipotee. Pampu iliyopitia maisha hayo inaweza kuwa imekwisha kweli. Lakini ukiishusha bila kupiga alama kwenye flenji yake na pale inapokaa, ukairudisha kwa macho, taimingi, yaani wakati wa kupiga dizeli, imehama. Ikichelewa unapata moshi mweupe na injini nzito, ikiwahi inagonga kama mashine ya kusaga. Halafu sasa una magonjwa mawili na hujui lipi ni la zamani. Kama lazima ishuke, piga mstari wa patasi au rangi kwanza, na anayeifunga awe na saa ya kupimia taimingi, siyo sikio.

Kabla ya pampu pia kuna upepo. Dizeli ikivuta upepo mahali injini inapanda na kushuka yenyewe, mia saba mia tisa mia saba, na asubuhi inasumbua kuwaka mpaka ukapampu ile pampu ya mkono juu ya filta. Dawa ya kujua ni kufunga kipande cha hosi ya plastiki inayopitisha mwanga kati ya filta na pampu, ukiona mapovu yanapita umeshapata jibu. Mara nyingi ni hiyohiyo pampu ya mkono mpira wake umekauka, au hosi ya mpira karibu na tenki imepasuka pasipovuja. Upande wa kuvuta hauvuji dizeli nje, unaingiza hewa ndani, kwa hiyo usitegemee kuona tone chini.

Hita plagi zenyewe, zile za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha, mi naziacha kwa watu wa Makete na Njombe, huku Morogoro ikifa moja utaona tu gari inatetemeka dakika ya kwanza asubuhi halafu inatulia. Ikitulia kabisa ikishapata moto, jua tatizo lako ni dogo.

Baada ya nozo kule kuyumba kukaisha kabisa. Lakini ule mvumo ukabaki, kiti kinavuma, dashibodi inalia, yaani mke wangu akasema "umetengeneza nini sasa". Hapo ndo mauntingi.

Hilux hii imekaliwa na mauntingi tatu, mbili za injini kulia na kushoto na moja chini ya gia boksi. Mpira ukichoka unakuwa mgumu au unakatika, na ukiloana oili unavimba na kulainika kama uji. Kuangalia kwa tochi tu hakutoshi kwa sababu uzito wa injini unaufunga ule mpasuko. Fanya hivi: weka kigingi matairi yote, hendibreki juu, mwenzio akae kwenye usukani akanyage breki ya mguu kwa nguvu, aweke gia ya kwanza aachie klachi kidogo sana mpaka injini ianze kujikaza, halafu rivasi vilevile. Wewe simama pembeni, sio mbele, sio mbele narudia. Injini ikinyanyuka upande mmoja na kurudi kwa kishindo, mauntingi ya upande huo imekatika. Yangu moja ilikuwa imeloana oili miaka na miaka, ilinyanyuka mpaka nikaona mwanga katikati. Kwa hiyo dawa ni mbili, mauntingi mpya na kuziba palipokuwa panavuja, bila hivyo mpya nayo utaizika.

Halafu mauntingi zenyewe jamani. Kuna zile za bei poa mpira wake mgumu kama soli ya kiatu cha jeshi, unafunga mpya na gari inatetemeka kuliko mwanzo, mtu anaamini injini imekufa. Ukibonyeza kwa kucha na haibonyei hata kidogo iache dukani. Mi nilichukua za mtumba zilizotoka kwenye gari ya Japani mpira hauna mpasuko, nazikubali kuliko mpya feki. Na kwenye kufunga, usikaze bolti moja kwa moja. Ziache zote tatu zikiwa na ulegevu kidogo, itikise injini ikae inavyotaka, washa iungurume kidogo kisha zima, ndo ukaze. Ukikaza huku jeki inasukuma oili pani upande mmoja mpira unabaki umejikunja maisha yake yote na mtetemo unapita kama kawa.

Ukimaliza mauntingi pita chini na mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa, tikisa ekzosi. Kama inagusa chesisi au krosi memba mahali popote, hata pale fundi alipoichomelea baada ya kuanguka kwenye shimo, itapiga kelele ya sailensa tu na ukikanyaga mafuta inapotea. Angalia feni pia, panga moja likivunjika ncha mtetemo unapanda jinsi unavyopiga resi. Na puli ya chini ya kranki ina mpira katikati, ukiona ukingo wake unayumba wakati inazunguka mpira umeachia.

Watu wa petroli, wenye 22R ya kabureta, kwenu hakuna nozo ila akili ni ileile: chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo yenye mpira, ambayo haibadilishi kitu ndo iliyolala. Usiku fungua boneti gizani uangalie waya za plagi, zilizochoka utaona cheche zinaruka kwenda kwenye chuma. Na hosi za vakyumu, zile ndogondogo zilizopasuka, moja tu ikivuta hewa sailensa haitatulia hata uiseti kabureta wiki nzima.

Mtetemo wa kutembea ni habari nyingine kabisa, usiuchanganye. Kama unaanzia 80 hivi, tafuta barabara nyoofu isiyo na gari, ukiwa kwenye huo mtetemo kanyaga klachi na achia mafuta, usizime ufunguo. Injini imeshuka sailensa na mtetemo bado upo? Basi injini haihusiki, nenda kwenye matairi, rimu, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma). Usukani ukicheza ni mbele, kiti kikicheza ni nyuma. Ikitetemeka pale tu unapoanza kuondoka na mzigo halafu inaacha, mshuku senta beringi ya propela. Na hawa waliofunguliwa propela kubadilisha krosi (viungo vyake) wakairudisha bila alama, yoki mbili za propela, zile pembe zinazoshika krosi, zinatakiwa zilingane mstari, zikipishana jino gari inatetemeka hata krosi ziwe mpya. Pia sisi wa mizigo tunaongeza majani ya springi, nyuma inanyanyuka, pembe ya propela inabadilika, ikiwa tupu inavuma ikipakia inatulia. Yangu ni hiyo, na nimeamua kuishi nayo, siitoi ile springi.

Kingine usitarajie isichoweza. 3L haina shafti za kusawazisha kama zilizomo kwenye 3RZ ya petroli, na ni dizeli ya kugandamiza mara 22, itatikisika tu. Kipimo changu ni kioo cha ndani, kama naweza kusoma namba ya gari ya nyuma nikiwa kwenye foleni Msamvu, inatosha.

Kilichobaki kwangu ni valvu. Kwenye hizi injini valvu zinasetiwa kwa shimu (visahani vya chuma vya unene tofauti), nafasi ya valvu injini ikiwa ya baridi ya kuingiza hewa iwe 0.20 hadi 0.30 mm na ya ekzosi 0.40 hadi 0.50, na nimekuta ekzosi ya silinda ya nne imebana, haipigi kelele yoyote ndo maana hakuna aliyeishuku, inayopiga kelele huwa ni iliyolegea. Iliyobana haifungi vizuri ikipata moto na mwisho inaungua. Kompresheni nimepima kwa saa ya dizeli (ya petroli usiisogeze hapa, utaiua), silinda tatu zinavuka psi 400 vizuri, ya nne iko nyuma kidogo. Natafuta shimu nyembamba ya saizi yake, Kariakoo wananiambia ninunue seti nzima, sitaki seti nzima, mwenye moja moja aniambie.